Sahel kwa Shilingi 300

Tuseme mwanafunzi wa sekondari hapa Magogoni, Mombasa, amepewa mada ya mashindano ya hotuba: mataifa ya Sahel na mustakabali wa Afrika Magharibi. Ana wiki mbili, na mzazi anaweza kutoa shilingi 300. Zinatosha kabisa. Kazi ni kuamua ziende wapi.

Wengi huzimalizia kwenye bando. Bando la GB 1 la saa 24 limezoeleka kwa shilingi 99, na la saa moja kwa takriban 20. Mimi nashauri hilo la saa moja, ila mwanafunzi awashe data maswali yake yakiwa tayari daftarini, afungue makala za maandishi, azihifadhi kwenye simu, kisha azime na kuzisoma usiku. Maandishi hayali data nyingi. Video ya saa moja yenye picha safi inaweza kuitafuna GB nzima, na mara nyingi humwachia mtazamaji hasira nyingi na tarehe chache. Inaniuma kuona watoto wenye vipaji wakipanda jukwaani na maneno makali kuhusu Ibrahim Traoré, kiongozi wa Burkina Faso, halafu jaji akiuliza serikali ya Niger ilipinduliwa mwaka gani, hawana jibu. Ni Julai 2023, baada ya Mali mwaka 2020 na 2021, na Burkina Faso mara mbili ndani ya 2022.

Redio haina gharama na inadharauliwa bure. BBC inatangaza kwa Kiswahili tangu 1957, DW tangu 1963. Faida yake kubwa ni lugha: msikilizaji anapata vikwazo, serikali ya mpito, jumuiya ya kiuchumi, yote yamekwisha kupikwa, na anasikia jina la Ouagadougou likitamkwa sawasawa. Taarifa ikipita imepita, kwa hiyo kalamu iwe mkononi.

Maktaba ya mjini, pale barabara ya Msanifu Kombo, inahitaji kuvuka Daraja la Nyali. Nauli ya kwenda na kurudi ni kati ya shilingi 100 na 200 kulingana na saa, yaani theluthi ya bajeti au zaidi. Safari hiyo inafaa kwa mizizi ya habari: ukoloni wa Ufaransa, faranga ya CFA, urani ya Niger, uasi wa kaskazini mwa Mali mwaka 2012. Kwa habari za leo, vitabu vinaweza kumponza. Kilichochapishwa kabla ya 2025 kitamwambia ECOWAS, jumuiya ya kiuchumi ya Afrika Magharibi, ina wanachama 15, ilhali Mali, Burkina Faso na Niger zilitoka rasmi tarehe 29 Januari 2025, zikabaki nchi 12. Hata Jumuiya yetu ya Afrika Mashariki, ambayo vitabu vya 2015 vinaipa nchi tano, ilifika nane Somalia ilipoingia mwaka 2024.

Saiba za mtaani huchapa ukurasa kwa shilingi 10 hivi. Asichape makala nzima nzima. Achape ramani moja na ukurasa mmoja wa tarehe alioutunga mwenyewe.

Ramani hiyo ndiyo itakayompa hotuba. Niger imepakana na nchi saba na haina bahari, na mizigo yake mingi ilipitia bandari ya Cotonou, Benin. Baada ya mapinduzi, ECOWAS iliweka vikwazo, mpaka na Benin ukafungwa, malori yakakwama, na Nigeria ikakata umeme. Mtoto wa Mombasa ana mwalimu wa somo hili karibu yake: dereva au utingo anayepeleka kontena Uganda na Rwanda. Amnunulie kahawa na amuulize kwa heshima, "Mjomba, mpaka wa Malaba ukifungwa siku tatu, nini hutokea?" Majaji watasikia vikwazo vya Niger vikielezwa na mtu anayejua bandari ni nini kwa nchi isiyo na pwani, na hilo halipatikani kwenye bando lolote.

Kwa hiyo hesabu yangu ni hii: bando tatu za saa moja, shilingi 60, daftari, 50, kuchapa, 20, kahawa ya mjomba na wenzake, 40. Zinabaki 130. Mada ikidai historia ndefu, ziwe nauli ya maktaba, saa ambayo nauli iko chini; isipodai, ziwe nauli ya siku ya mashindano.