Zawadi Isiyoingia Meseji

*Pleya ya muziki iliyolala kabatini inaweza kurudi kazini, na safari hii ikawatii wenyewe. Hasa nyie mnaopendana huku mmoja yuko Handeni na mwingine Korogwe.*

Hebu tuambiane ukweli. Ni wangapi kati yetu tunaweza kumwachia mwenzi simu kutwa nzima bila moyo kwenda mbio? Wala si lazima uwe na siri ya maana. Inatosha meseji moja ya "mambo" kutoka namba isiyo na jina, na jioni yote imeharibika. Simu siku hizi ni redio, ni kamera, ni benki, ni shajara, ndiyo maana kumpa mtu hata dakika kumi ni shughuli. Pleya ya muziki haina hayo. Haipigiwi, haitumiwi hela, haionyeshi ulikuwa hewani saa ngapi. Ndani mna nyimbo tu, na nyimbo zinagawanyika.

Kwa hiyo kabla hujakimbilia dukani kutafuta zawadi, fungua kwanza droo ya chini kabatini. Kuna iPod ya zamani humo? Kuna ile SanDisk ndogo ya kubana kwenye nguo? Ni kweli zimepitwa. iPod yenye diski kubwa, iliyoitwa Classic, iliondolewa sokoni Septemba 2014, na Mei 2022 Apple ikatangaza kuwa haitengenezi tena iPod ya aina yoyote. Zilizobaki mikononi mwa watu ni mitumba. Lakini mtumba mzuri, asikwambie mtu, unavaliwa mpaka harusini.

Ndoa na kompyuta moja

Tuseme hivi. Binti ni muuguzi Korogwe, pale hospitali ya Magunga. Mchumba wake ni mwalimu wa sekondari Handeni mjini, amepanga chumba Chanika. Kati yao kuna kilomita 65. Tangu barabara iwekwe lami yale mateso ya vumbi yamekwisha, lakini zamu ya usiku haijui lami, na kusahihisha mitihani hakujui mapenzi. Jumamosi hii wanaonana, mbili zinazofuata hapana. Kaka yake binti amerudi likizo kutoka Uingereza na kumletea iPod imejaa nyimbo mpaka juu. Binti anapata wazo: mchumba akae nayo mwezi mmoja, aongeze za kwake, kisha airudishe. Mwezi unaofuata inaenda tena.

Wazo lenyewe si geni kwetu. Watu wa pwani wenye ndugu Arabuni wanakumbuka kaseti zilizorekodiwa salamu, zikasafiri ndani ya begi la mtu, na ukoo mzima ukakaa kuzunguka redio kumsikiliza mjomba. Kitu kilichopita mkononi mwa mtu unayempenda kina uzito ambao kiungo cha YouTube hakina. Hilo ni la kwangu, unaweza kubisha.

Sasa kasheshe linapoanza ni hapa. iPod ilitengenezwa ifunge ndoa na kompyuta moja. Nyimbo zinaingizwa kwa programu ya iTunes, na iTunes inayoijua iPod hii iko kwenye kompyuta ya kaka, huko huko Uingereza. Mwalimu wetu akiichomeka kwenye kompyuta ya shuleni na kutaka iongezwe nyimbo kwa utaratibu wake wa kawaida, iTunes itamwuliza kama ifute kila kilichomo ili pleya ifuate kompyuta mpya. Akibonyeza ndiyo kwa haraka, kama tunavyobonyeza ndiyo kila siku bila kusoma, nyimbo za shemeji zimeyeyuka. Zote. Na humo huenda mlikuwa na kanda ya harusi ya wazazi aliyoihamisha kaka kwa mkono wake, ambayo nakala yake haipo kwingine. Mweleze mchumba wako hilo kwa simu, uone ukimya wake.

Wasweden waliochoka

Desemba 2001, miezi miwili tu baada ya iPod ya kwanza kutangazwa, vijana wa Sweden walianza kazi ya kuandika upya programu inayoendesha pleya yao. Waanzilishi ni Björn Stenberg, Linus Nielsen Feltzing na Daniel Stenberg, ambaye pia ndiye mwandishi wa curl, programu ndogo ya kusafirisha data ambayo huenda imo ndani ya simu yako sasa hivi. Pleya waliyokuwa nayo ni Archos Jukebox, na programu iliyokuja nayo kutoka kiwandani haikuwaridhisha. Wakatengeneza ya kwao, wakaiita Rockbox.

Rockbox ni programu huria. Maana yake mtu yeyote anaruhusiwa kuisoma ilivyoandikwa, kuibadilisha na kuigawa, na hulipi hata shilingi. Waliojitolea katika nchi mbalimbali wakaipeleka kwenye pleya za makampuni mengine, iRiver, Cowon, SanDisk, Toshiba, na iPod yenyewe. Toleo la 3.0 lilitoka Septemba 2008, na kazi haijasimama.

Ukishaiweka, pleya inakuwa kama flashi. Unaichomeka kwenye kompyuta yoyote, ya shule, ya ofisini, ya rafiki, unafungua folda, unaweka nyimbo, unachomoa. iTunes haina kazi tena. Na zile nyimbo za kaka? Hazijaenda popote. iPod huzificha kwenye folda isiyoonekana na kuzipa majina ya herufi nne nne yasiyo na kichwa wala miguu, lakini Rockbox husoma jina la wimbo na la mwimbaji kutoka ndani ya faili lenyewe, kwa hiyo orodha inarudi ikiwa na maana. Zitakazogoma ni zilizonunuliwa iTunes zamani, kabla Apple hawajaondoa kufuli kwenye muziki wao mwaka 2009. Hizo Rockbox haizifungui.

Mambo mengine mazuri nayapitia haraka, ingawa moja lazima nilikalie. Inacheza aina nyingi za faili, zikiwemo FLAC na Ogg. Ina kipima usingizi, yaani unaiambia izime baada ya muda uliopanga, nawe unalala. Inaweka alama mahali ulipoishia, jambo la maana sana kwa mawaidha ya saa nzima au kwa taarab ambayo wimbo mmoja unaweza kukufikisha kutoka Korogwe mpaka Segera. Lile la kukalia ni hili: kuna chaguo la kazi ya sherehe. Ukiliwasha, mtu akichagua wimbo, unapanga foleni nyuma ya mingine, haukatizi unaocheza. Hata kitufe cha kusimamisha hakifanyi kazi. Kwa yeyote aliyewahi kuandaa kitchen party au besidei nyumbani, akaona binamu mmoja anakatiza Lady Jaydee katikati ili aweke wimbo anaoutaka yeye, hapo sihitaji kueleza zaidi.

Kuiweka bila kuua kitu

Tafadhali soma hapa mara mbili. Kwanza hakikisha pleya yako imo. Zinazokubali ni iPod za mwanzo hadi Classic, iPod Mini, na Nano za kizazi cha kwanza na cha pili. Shuffle na Touch zisahau. Kwa SanDisk, tafuta Clip, Clip+, Clip Zip, Fuze na e200. Angalia sana majina, maana Clip Jam na Clip Sport zinafanana nazo kwa sura lakini hazimo. Zile pleya za mnadani zisizo na jina la kiwanda, zinazoitwa tu "MP4", usihangaike nazo.

Pili, nakili kila kilichomo kabla ya kugusa chochote. Kila kitu, kwenye kompyuta au flashi, na ujaribu kukifungua huko uone kinacheza. Kuweka Rockbox kwenyewe hakufuti nyimbo, lakini iPod iliyoandaliwa kwa kompyuta ya Mac imepangwa kwa mfumo ambao Rockbox haiufanyii kazi, na kuibadilisha kwa njia ya kawaida kunafuta yote. Kaka wa Uingereza anatumia Mac? Muulize leo.

Kazi yenyewe inafanywa na programu iitwayo Rockbox Utility, unaipakua bure kutoka kwao. Inaweka vitu viwili: kipande kidogo kinachoamka kwanza pleya inapowashwa, na folda yenye Rockbox yenyewe. Kwa Clip+ utahitaji pia faili la programu ya asili ya SanDisk, na kwenye mipangilio ya pleya uchague itambulike kama diski ya kawaida. Kama unatumia memori kadi ya GB 64 au zaidi, ibadilishe kwanza iwe FAT32, la sivyo haitasomeka. Betri iwe imejaa. Handeni umeme unaweza kukuaga katikati, na kazi hii haipendi kuagwa.

Mkiona haiwafai, mlango wa kurudi uko wazi. Programu ya kiwandani haijafutwa. Kwenye iPod unasukuma kile kitufe cha kufunga mara tu inapoanza kuwaka, kwenye Clip+ unashikilia kitufe cha kushoto wakati wa kuwasha, na sura ile ya zamani inarudi.

Nisiwapambie pia. Rockbox ikifunguka mara ya kwanza haina urembo, menyu ni ndefu kama foleni ya benki mwisho wa mwezi, na utakutana nazo kwa Kiingereza. Haitakuletea Boomplay wala Spotify. Wanaolala nyumba moja na wana bando la kutosha pengine hawahitaji taabu hii. Wa kilomita 65, mimi naona wanaihitaji.

Na mama mkwe je?

Kuna jambo moja ambalo wengi hawalijui. Rockbox inaweza kuongea. Ukiweka faili la sauti, kila menyu unayopita inatajwa kwa sauti masikioni, ndiyo maana wasioona wameipenda kwa miaka mingi. Na majina ya folda nayo yanaweza kupewa kipande cha sauti. Fundi wa kompyuta akiwasaidia kukitengeneza kwa namna inayotakiwa, kipande hicho kinaweza kuwa sauti yenu wenyewe.

Fikiria mama yake mwalimu, macho yameanza kumsumbua, simu ya kugusa inamchosha. Folda ya kwanza, kasida. Ya pili, Atomic Jazz na Jamhuri Jazz za Tanga ya ujana wake. Ya tatu, Bi Shakila aliyeimba na Black Star na Lucky Star, na aliyetutoka Agosti 2016. Mama anabonyeza, anasikia sauti ya mkwewe mtarajiwa inamtajia kila folda kwa Kiswahili, "Shikamoo mama, hapa ni taarab." Shosti, mahari itajadiliwa kwa upole.

Clip+ ina maikrofoni pia, na Rockbox inarekodi. Muuguzi anaweza kuongea dakika tano baada ya zamu, akaacha faili hilo katikati ya nyimbo bila kusema lipo. Mwalimu atalikuta siku yake.

Suala la haki: Rockbox yenyewe ni halali kabisa, lakini haibadilishi sheria ya hakimiliki ya mwaka 1999, ile iliyoanzisha COSOTA. Msanii wa Tanzania naye ana mchumba na mama mkwe, mnunulieni kazi yake.

Kitu cha mwisho cha kutafuta ni waya. iPod hizi karibu zote zinatumia ule mpana wa pini 30, wa simu za sasa hauingii, na Clip+ inatumia ule wa USB mdogo wa kizamani. Mwambie anayekuletea pleya autie kwenye begi kabla hajatoka nyumbani, na kama inawezekana aweke miwili: mmoja ubaki Magunga, mwingine Chanika.