Punje Ndogo, Sauti Kubwa: Tutengeneze Pedali ya Gita Sisi Wenyewe

Toleo hili tunaongea juu ya muziki, lakini pia juu ya kazi ya mikono. Hapa Nkoma, kwenye mji wa Mbale, vijana wengi wa familia zetu wanapiga gita kwenye korali. Wale walio Jinja nao ni hivyo hivyo. Swali wanalotuuliza sisi walimu ni moja: "Mwalimu, tufanye namna gani gita solo isikike wakati wa sebene?"

Wanaoujua muziki wa kwetu Kongo wanaelewa. Kuna gita ya kusindikiza, kuna mi-solo, kuna besi, halafu ngoma. Wimbo ukifika kwenye sebene kila mtu anapiga kwa nguvu zake zote. Solo, ambayo ndiyo inatakiwa kuongoza, inazama kama jiwe majini. Mpigaji anapandisha sauti kwenye gita, lakini imeshafika mwisho.

Dawa yake ni pedali ya kuongeza nguvu. Ile ya dukani bei yake ni ya juu kwa familia nyingi. Lakini ndani yake, wapendwa, kuna nini? Transista moja, rezista nne na kapasita mbili. Basi! Hivyo vitu vimo ndani ya deki za DVD zilizokufa ambazo tunazitupa kila siku.

PEDALI NI KITU GANI?

Gita ya umeme inatoa umeme mdogo sana, sehemu ndogo tu ya volti moja. Umeme huo unapita kwenye waya mpaka kwenye amplifaya. Pedali inakaa katikati. Inaupokea, inaubadilisha, halafu inaupitisha. Kuna pedali za mwangwi, kuna za kukwaruza sauti, na kuna hii yetu ya kuongeza nguvu, ambayo ndiyo rahisi kuliko zote.

Hizi sauti za kukwaruza zilianza kama ajali. Kwenye wimbo mmoja wa Marty Robbins wa Marekani, uliotoka 1961, chombo cha studio kiliharibika na gita ikatoka na sauti ya kukwaruza. Watu wakaipenda! Mwaka 1962 kampuni ya Gibson ikatoa pedali ya kuigiza sauti ile, jina lake Maestro Fuzz-Tone. Mwaka 1968 Mike Matthews alianzisha kampuni ya Electro-Harmonix pale New York, na moja ya pedali zake za kwanza, LPB-1, ndiyo ile ya transista moja tunayoieleza hapa.

Msiseme hayo ni mambo ya wazungu tu. Mzee Mingiedi Mawangu wa Kinshasa, mwanzilishi wa Konono No. 1, alitaka likembe isikike kwenye kelele za mji. Hakungoja msaada. Alitengeneza maikrofoni kwa sumaku za vyuma vilivyotupwa, na kundi likapiga kwa vipaza sauti vikubwa vya mabati. Sauti ikatoka ya kukwaruza, na hiyo ndiyo ikawa alama yao. Albamu yao Congotronics ilitoka 2004 na ikasikika mpaka Ulaya. Mzee alifariki 2015, lakini somo lake tunalo bado.

VITU VIDOGO KAMA ULEZI

Zamani rezista ilikuwa na miguu miwili ya waya na mistari ya rangi. Siku hizi nyingi hazina miguu. Zinalala juu ya bodi na kulehemiwa hapo hapo. Kipimo kinachotufaa kinaitwa 0805, urefu wake milimita 2 na upana milimita 1 na robo. Yaani ni kama punje ya ulezi! Ukipiga chafya, imekwenda.

Tunawashauri msianze na bodi za simu. Za simu ni ndogo zaidi na hazina maandishi. Tafuteni bodi ya deki, ya dekoda au ya redio ya kisasa. Pale utaona rezista nyeusi zenye namba tatu mgongoni. Namba hizo mtoto wa darasa la tano anaweza kuzisoma: mbili za kwanza unaziandika kama zilivyo, ya tatu inakuambia sufuri ni ngapi.

Pedali yetu inataka hizi:
- 434, yaani 43 na sufuri nne: omu 430,000
- 433, yaani omu 43,000
- 103, yaani omu 10,000
- 391, yaani omu 390

Kapasita ni zile za rangi ya udongo, nazo hazina maandishi hata kidogo. Ni lazima uzipime kwa mita yenye sehemu ya kupima kapasita. Tunataka mbili za nanofaradi 100. Ya kuingilia ikiwa ndogo sana, sauti nene zitapotea na gita italia kama mbu. Transista ni MMBT3904, ina miguu mitatu na mara nyingi imeandikwa 1AM mgongoni.

Vifaa pia si lazima viwe vya gharama. Chuma cha kulehemu kikiwa na ncha nene, zungushia waya wa shaba na uache ncha yake ichomoze mbele kama mdomo wa ndege. Hiyo ndiyo itakuwa ncha yako nyembamba. Kibano cha kunyolea nyusi cha saluni kinashika rezista vizuri. Kamera ya simu ukiivuta karibu inakuwa darubini. Fanya kazi juu ya sinia jeupe, ili kilichoanguka kionekane.

VISIWA SABA

Chukua kipande cha bodi yenye shaba upande mmoja. Kwa kisu kikali ikwangue shaba uigawe visiwa saba, kisiwa kimoja kisigusane na kingine, kama Idjwi ilivyozungukwa na maji ya ziwa Kivu. Andika majina kwa kalamu: Mlango, Besi, Emita, Kolekta, Kutoka, Chanya, na Ardhi.

Sasa kila punje ni daraja kati ya visiwa viwili:
- Kapasita ya kwanza: kutoka Mlango kwenda Besi
- 434: kutoka Chanya kwenda Besi
- 433: kutoka Besi kwenda Ardhi
- 103: kutoka Chanya kwenda Kolekta
- 391: kutoka Emita kwenda Ardhi
- Kapasita ya pili: kutoka Kolekta kwenda Kutoka

Transista inakaa juu ya visiwa vitatu. Ule mguu ulio peke yake upande mmoja ni kolekta. Geuza ili mguu huo uwe juu. Wa chini kushoto ni besi na wa chini kulia ni emita.

Namna ya kulehemu: weka risasi kidogo kwenye kisiwa kimoja. Shika punje kwa kibano, yeyusha ile risasi, isukume punje iingie, ondoa moto. Ikishakaa sawa, lehemu upande wa pili. Usikae na moto kwa muda mrefu, sekunde mbili tatu zinatosha.

Waya wa gita unaingia Mlango. Kutoka kunaunganishwa na kitasa cha sauti cha omu 100,000, na waya wa katikati wa kitasa ndio unaenda kwenye amplifaya. Mguu wa tatu wa kitasa unaenda Ardhi. Betri ya volti 9: chanya kwa Chanya kupitia swichi ya kuwasha na kuzima, hasi kwa Ardhi. Funga vyote ndani ya kisanduku cha bati nene, na bati lenyewe liungwe na Ardhi. Bati linazuia ule mvumo wa umeme unaosumbua kwenye spika.

KUPIMA KABLA YA KUPIGA

Washa betri. Weka waya mweusi wa mita kwenye Ardhi na mwekundu kwenye Kolekta. Ukiona volti 4 mpaka 6, kazi ni nzuri. Ukiona 9 kamili, transista haifanyi kazi. Angalia kama kuna punje haikushika. Ukiona karibu na sufuri, kuna mahali visiwa viwili vimegusana.

Pedali hii inaweza kukuza sauti mara 20 hivi. Kwa hiyo anza na kitasa chini kabisa, upandishe polepole. Masikio na spika ni vya kutunzwa. Na kwa sababu inakula umeme kidogo sana, hata nusu ya miliampea haifiki, betri moja itakaa muda mrefu kama utakumbuka kuizima.

WAZAZI, SIKILIZENI HAPA

Kwanza, risasi ya kulehemu mara nyingi ina madini ya risasi, na hiyo ni sumu, hasa kwa watoto wadogo. Isifanyiwe kazi jikoni wala juu ya meza ya chakula. Moshi usivutwe, dirisha liwe wazi. Mikono ioshwe kwa sabuni kabla ya kula au kubeba mtoto.

Pili, chaja na deki za umeme wa ukutani zina kapasita kubwa ndani. Inaweza kushika zaidi ya volti 300 hata baada ya kuchomoa waya. Mtoto asifungue peke yake. Na pedali iendeshwe kwa betri tu, isiunganishwe kabisa na umeme wa ukutani.

KWA NINI TUNAANDIKA HAYA?

Mzazi mmoja alituuliza: "Mwalimu, gita itatupa posho?" Ni swali la haki. Mwaka 2025 Shirika la Chakula Duniani lilisema watu milioni moja kati ya wakimbizi walio Uganda wameondolewa kwenye msaada wa chakula. Kila nyumba inajua maana yake. Kijana aliyemaliza shule na kukaa tu anaumia, na nyumba nzima inaumia naye.

Jibu letu ni hili. Pedali haitajaza sufuria. Lakini mkono uliozoea kulehemu punje ya milimita mbili ni mkono ule ule anaoutumia fundi simu pale kwenye baraza za maduka ya Mbale na Jinja. Simu, redio, taa ya sola, chaja, ndani zote ni punje hizi hizi. Anayejifunzia kwenye pedali akiharibu kitu, ameharibu takataka. Anayejifunzia kwenye simu ya mteja atailipa. Na Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya 2006 inamruhusu mkimbizi kufanya kazi, kwa hiyo ufundi huu si wa kujificha.

Tunawaomba pia msiwaache wasichana nje. Wasichana waliozoea kusuka nywele na kushona shanga wana vidole vyepesi na subira, na kazi hii inataka hivyo viwili kuliko nguvu.

Wahenga walisema, mdharau mwiba mguu huota tende. Basi tusidharau kidogo. Mwenye deki mbovu nyumbani asiitupe, ampe kijana wake. Kiongozi wa korali awakusanye vijana watatu wanne, mmoja ashike mita, mmoja asome namba, mmoja alehemu. Sisi walimu tuko tayari kukaa nao.