Hewa Kali ya Mabandani

Apitaye alfajiri katika vichochoro vya Chanika, pembezoni mwa Dar es Salaam, hana haja ya kuuliza ni nyumba ipi ifugayo kuku wa nyama, maana harufu kali ya amonia humpokea njiani na kumwasha macho. Na aghalabu wafugaji, kwa kuizoea, huihesabu kuwa ni uvundo tu, ilhali kwa hakika ni mali yao inayowatoroka.

Asili yake ni hii. Kuku hakojoi kama ng'ombe. Taka ya protini aliyokula huitoa pamoja na kinyesi kwa sura ya asidi ya yuriki, na bakteria waliomo katika maranda yaliyotandazwa bandani huivunja ikawa yurea, kisha amonia. Joto na unyevu huwahimiza, ndiyo maana chombo cha maji kivujacho, au maranda yaliyogandamana bila kugeuzwa, huzidisha hewa hiyo. Mfugaji atakaye kuijua kadiri yake asisimame mlangoni, bali achuchumae hadi kimo cha kifaranga na kuvuta pumzi hapo; na akimwona kuku ajisugua jicho kwa bawa, ajue madhara yamekwisha kuingia.

Ikishatoka bandani haitoweki. Sehemu yake hutua jirani, juu ya majani na udongo; iliyosalia huungana na asidi zitokanazo na moshi wa magari na viwanda, ikawa vumbi jembamba mno liwezalo kusafiri mamia ya kilomita kabla mvua haijaliteremsha. Nchi za Ulaya ziliitia amonia katika mkataba wa Gothenburg mwaka 1999, baada ya kuona udongo wa misitu yao ukigeuka mchachu na mimea iliyozoea ardhi fukara ikishindwa na magugu yapendayo mbolea. Kwa sababu hiyo nauangalia kwa wasiwasi msitu wa Pugu na Kazimzumbwi, jirani ya Chanika, masalia ya misitu ya kale ya pwani, wenye mimea iliyo nadra kuonekana penginepo duniani.

Linalonisikitisha zaidi ni kwamba mkulima wa mchicha bondeni hununua mbolea ya yurea dukani, mfuko wa kilo 50 wenye kilo 23 za naitrojeni, hali ya kuwa naitrojeni ya bandani, iliyomo katika amonia hiyo, imeachwa iruke. Na hata hiyo ya dukani, ikimwagwa juu ya udongo wenye unyevu ikaachwa juani, hugeuka amonia ile ile. Samadi ya kuku na irundikwe pakavu, ifunikwe isinyeshewe, na siku ipelekwapo tutani ifukiwe siku hiyo hiyo. Nayo yurea ishindiliwe chini kwa kina cha vidole vitatu, au imwagiliwe maji ya kutosha mara tu baada ya kutiwa.