Juisi Nzito ya Matunda na Maziwa kwa Wanafunzi wa Chuo



Ndugu wasomaji, watoto wetu wengi hutoka shuleni alasiri wakaja chuoni moja kwa moja, na tumboni hamna kitu tangu uji wa asubuhi. Mwenye shilingi mfukoni hupitia dukani akanunua soda. Mwaka huu tumeona tuzungumzie kinywaji ambacho mama wa Mbulu au wa Katesh anaweza kukiandaa kwa vitu vya nyumbani na vya gulioni: juisi nzito, ile ambayo watu wa mjini huiita smuthi.

Tofauti yake na juisi ya kawaida ni kwamba haichujwi. Tunda hupondwa na nyama yake yote, nyuzinyuzi zikabaki, kisha hutiwa maziwa, mtindi au karanga. Kwa hiyo ni chakula, si cha kukata kiu tu. Soda aina ya kola, chupa ya mililita 350, ina sukari ya gramu 35 hivi, yaani vijiko vya chai vinane au tisa, na haina protini yoyote. Mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani lilishauri kwamba ikiwezekana sukari za namna hii zisizidi gramu 25 hivi kwa siku kwa mtu mzima. Chupa moja tu imekwishavuka kiwango hicho, na anayeinywa ni mtoto.

Kuchanganya vyakula namna hii si jambo geni katika dini yetu. Amepokea Abu Dawud kutoka kwa Bi Aisha (r.a.) kwamba Mtume (s.a.w.) alikuwa akila tikiti pamoja na tende mbichi, ubaridi wa moja ukituliza joto la jingine. Naye Muslim amepokea kutoka kwa Ibn Abbas (r.a.) kwamba Mtume (s.a.w.) alikuwa akirowekewa zabibu, akanywa maji yake siku hiyo, kesho yake, na keshokutwa mpaka jioni, baada ya hapo hakuyanywa tena. Wanafunzi wa fiqhi wanajua sababu. Maji ya matunda yakikaa huchacha, hutoa povu na kubadilika harufu, na yakifikia kulevya ni haramu. Wengi wetu hatuna friji, basi tutengeneze ya kunywewa saa ile ile, isilale.

Sasa tuje kwenye maziwa, na hapa tutakaa kidogo. Wilaya zetu ni nchi ya ng'ombe, na kwa Wairaqw na Wabarbaig mgeni hukaribishwa kwa maziwa. Tatizo ni mazoea ya kuyanywa mabichi. Maziwa mabichi yanaweza kubeba vijidudu vya brusela, ugonjwa unaomfanya ng'ombe atupe mimba. Mtu akiupata huumwa homa za kuja na kuondoka, hutoka jasho usiku, huuma viungo na mgongo, na huweza kuteseka miezi mingi akidhaniwa ana malaria. Kifua kikuu cha ng'ombe nacho hupita njia hiyo hiyo. Kuyagandisha mabichi si kinga ya kutegemea. Chemsha maziwa mpaka yatokote na kupanda, kisha uyafunike yapoe. Ukitaka mtindi, chemsha kwanza, yakiwa vuguvugu tia kijiko cha mtindi uliotokana na maziwa yaliyochemshwa. Babu akilalamika kwamba maziwa ya kuchemsha hayana ladha, mtilie ndizi na tende ndani, hatauliza tena.

Maji nayo yana habari yake. Baadhi ya visima vya mikoa ya Manyara na Arusha vina floraidi nyingi, ambayo hutia meno ya watoto rangi ya kahawia na ikizidi miaka mingi huharibu mifupa. Kuchemsha huua vijidudu lakini hakuondoi floraidi. Kama kisima chenu kinajulikana kwa jambo hilo, tumieni maji ya mvua yaliyokingwa vizuri na kuchemshwa, au juisi ichanganywe kwa maziwa peke yake.

Blenda ikiwepo ni neema, isipokuwepo kinu, mwiko na upekecho vinatosha. Parachichi hapa Mbulu halina shida. Chukua moja kubwa lililoiva, ndizi mbivu mbili, na tende nne zilizorowekwa tangu asubuhi na kutolewa kokwa. Ponda mpaka viwe rojo, mimina vikombe viwili vya maziwa yaliyopoa huku ukipekecha. Watakunywa watoto watatu au wanne, wala hutatia sukari. Juni na Julai, baridi inapotubana huku juu, tumia maziwa ya vuguvugu.

Boga au karoti iliyochemshwa ikapondwa huenda vizuri na embe na mtindi. Ongeza kipande cha parachichi, kwa sababu mafuta yake husaidia mwili kupokea vitamini A iliyomo kwenye boga na karoti. Papai na nanasi vina tabia yao: vikikaa na maziwa huyafanya machungu, hivyo vinywewe papo hapo. Ukwaju hukatisha maziwa, heri uchanganywe na ndizi na maji.

Kwa daku tunapenda ya karanga. Kaanga kikombe kimoja, menya, twanga zilainike, changanya na ndizi tatu na vikombe vitatu vya maziwa. Hushibisha muda mrefu. Ila chagua karanga moja moja. Zenye ukungu, zilizosinyaa au zilizobadilika rangi zitupwe, maana sumukuvu haiondoki kwa kukaanga. Mwaka 2016 sumu hiyo iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara kupitia mahindi.

Mtoto aliye chini ya miezi sita asipewe juisi yoyote, maziwa ya mama yanamtosha. Mwenye kisukari asitiliwe tende, na kikombe chake kiwe kidogo. Wakati wa kufuturu, anzeni kwa tende na maji, mswali Magharibi, ndipo juisi iletwe, ikiwa imefunikwa.