Orlando: mji unaoishi kwa burudani ya wageni, huku wafanyakazi wake wakihangaika na nyumba

Kila mwaka, wageni zaidi ya milioni 70 hufika Orlando na vitongoji vyake, katika jimbo la Florida, kusini-mashariki mwa Marekani. Mji wenyewe, kwa hesabu ya watu ya mwaka 2020, ulikuwa na wakaaji karibu 307,000. Watalii wanafuata viwanja vya burudani vya Disney, Universal na SeaWorld. Lakini wengi kati ya wale wanaosafisha vyumba vya hoteli, wanaopika na wanaopokea wageni wanashindwa kulipa kodi ya nyumba karibu na mahali pa kazi.

Toka machungwa hadi Disney

Orlando ilitambuliwa rasmi kuwa mji mdogo mwaka 1875. Wakati huo utajiri wa eneo ulikuwa machungwa. Hata wilaya yake inaitwa Orange, yaani chungwa. Kisha baridi kali ya 1894-1895 ikapiga mashamba mara mbili na kuua miti. Wakulima wengi waliacha mashamba yao na kuondoka.

Miaka 70 baadaye, Walt Disney, mtengenezaji wa filamu za katuni ambaye tayari alikuwa na kiwanja cha burudani California, alitafuta eneo kubwa zaidi. Ardhi ya kusini-magharibi mwa Orlando ilinunuliwa kimya kimya, kwa majina ya kampuni nyingine, ili wenye mashamba wasipandishe bei. Mwezi Oktoba 1965, gazeti la Orlando Sentinel lilifichua mnunuzi ni nani, na bei ikaruka. Lakini Disney ilikuwa imekwisha kupata sehemu kubwa ya hekta karibu 11,000 ilizozitaka, kwa dola karibu milioni 5.

Walt Disney alifariki Desemba 1966. Ndugu yake Roy aliendeleza ujenzi, na kiwanja cha kwanza, Magic Kingdom, kikafunguliwa tarehe 1 Oktoba 1971. Vingine vitatu vilifuata mwaka 1982, 1989 na 1998. SeaWorld ilifika mwaka 1973, Universal mwaka 1990.

Viwanja vya Disney haviko ndani ya mipaka ya mji wa Orlando. Sheria ya mwaka 1967 iliunda kwa ajili yake eneo maalum lenye uwezo wa kujenga barabara, kusimamia maji na kuzima moto. Mwaka 2023, serikali ya jimbo ilichukua mamlaka ya kuteua viongozi wa eneo hilo.

Pesa za wageni zinaenda wapi?

Anayelala hotelini katika wilaya ya Orange analipa ushuru wa asilimia 6 juu ya bei ya chumba. Sheria ya Florida inataka sehemu kubwa ya pesa hiyo itumike kwa mambo ya utalii: matangazo, jumba kubwa la mikutano, viwanja vya michezo. Ushuru huo ulisaidia kujenga uwanja wa basketi uliofunguliwa mwaka 2010, ambako inachezea timu ya Orlando Magic. Mkongomani Bismack Biyombo, mzaliwa wa Lubumbashi, aliichezea timu hiyo kati ya 2016 na 2018.

Wakati huo huo, kuna familia zinazoishi katika vyumba vya moteli kwenye barabara ya 192, huko Kissimmee, zikilipa kwa juma kwa sababu hazina pesa ya dhamana ya nyumba. Novemba 2022, wapiga kura wa wilaya ya Orange waliunga mkono kuwekwa kikomo kwa ongezeko la kodi ya nyumba. Mahakama iliizuia hatua hiyo, na mwaka 2023 sheria ya jimbo ikapiga marufuku vikomo vya aina hiyo.

Sendika zimepata mafanikio kiasi. Mwaka 2018 zilikubaliana na Disney kwamba mshahara wa chini upande kutoka dola 10 hadi 15 kwa saa ifikapo 2021, na makubaliano ya 2023 yakaufikisha dola 18.

Hatari ya kutegemea kazi moja

Machi 2020, ugonjwa wa Covid-19 ulifunga viwanja vyote, na Disney ilifungua tena Julai tu. Septemba mwaka huo, kampuni hiyo ilitangaza kupunguza wafanyakazi 28,000 katika viwanja vyake vya Marekani. Kama baridi ilivyowafanyia wakulima wa machungwa, pigo moja liligusa karibu kila nyumba.

Wageni wamekwisha kurudi. Tarehe 22 Mei 2025, Universal ilifungua kiwanja kipya, Epic Universe, na maelfu ya nafasi za kazi zikapatikana. Kwa wanaozichukua, swali la kwanza linabaki lile lile: watalala wapi, na kwa bei gani.