Samaki Hanunui Rangi: Chambo Gani kwa Samaki Gani Ziwa Tanganyika?

Tuseme ukweli, wengi wetu tukienda kununua chambo bandia tunachukua kile kilichotupendeza sisi. Kina macho, kinametameta kama hereni, basi, kimeingia kapuni. Samaki hajaulizwa. Na ndivyo baadhi yetu tunavyowanunulia wapenzi wetu zawadi, ila hiyo tuiache kwa toleo lingine.

Leo naongea na nyie mnaopanga likizo ya wawili Kigoma, ambapo mmoja wenu (mara nyingi baba, ingawa akina dada nao wako juu siku hizi) ameshatangaza kwamba lazima avue. Kabla hamjamaliza bajeti kwenye boksi la vyambo, jiulizeni: samaki ninayemtaka anakula nini, wapi, na saa ngapi?

Tuanze na mgebuka, maana ndiye mtakayekutana naye kila kona ya Ujiji. Chakula chake kikubwa ni dagaa. Kwa hiyo chambo chake kiwe chembamba, kirefu kama kidole, cha rangi ya fedha. Mambo ya waridi na kijani sahauni. Usiku wavuvi huwasha taa, zamani karabai, sasa nyingi ni za sola, na dagaa wakiifuata taa, mgebuka anawafuata dagaa. Hapo hushushwa mshipi wenye ndoano kadhaa zilizofungwa manyoya au kitu kinachong'aa, bila nyama yoyote, unachezeshwa juu na chini. Mwanga na mwendo vinatosha kumdanganya. Na msiwacheke wanaotengeneza vyambo vyao wenyewe. Kwa taarifa yenu, Lauri Rapala wa Finland, ambaye jina lake liko kwenye vyambo vya bei mbaya, mwaka 1936 alichonga cha kwanza kwa gome la koki akakifunga karatasi ya chokoleti!

Angalieni kalenda pia. Mbalamwezi ikiwa kali taa haivuti dagaa vizuri. Usiku huo kaeni ufukweni mle chakula cha jioni.

Sangala, ndugu wa sangara wa Mwanza, ni mwindaji mkubwa zaidi na hupenda kukaa chini. Kwake tafuteni chambo kizito kinachozama, chenye umbo la samaki mzima. Kile kinachoelea juu juu hakitamfikia. Lakini msitishwe na sifa kwamba ziwa lina kina cha mita 1,470. Kuanzia kati ya mita 100 na 200 kwenda chini hakuna oksijeni, kwa hiyo mshipi wa kilomita ni kupoteza hela.

Kwa ngege wala msihangaike na vyambo bandia. Huyo ni mtu wa mwani na vitu laini, mpeni kipande cha ugali au mnyoo kwenye ndoano ndogo. Singa naye, mzee wa sharubu, anaongozwa sana na harufu. Dagaa aliyekatwa atamshinda kijiko chochote cha dhahabu.

Pitieni ofisi ya uvuvi mkaulizie kibali, na mfanye hivyo kabla ya kukata tiketi. Mwaka 2024 ziwa lilifungwa kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wazaliane. Kama mnaelekea Mahale, mpaka wa hifadhi unaingia mpaka ziwani, hivyo msitupe mshipi bila kuuliza.

Sasa kuhe. Huyu ndiye ninayemwonea wivu. Ni ndugu wa sato, ila anaweza kupita sentimita 60, na ni miongoni mwa wakubwa kabisa katika ukoo wao duniani. Anakula samaki wenzake, hivyo chambo cha umbo la samaki mdogo, rangi ya fedha au ya mchanga, kinamfaa. Maji ya hapa ni maangavu mno. Mshipi mnene na rangi za kelele anaviona mapema.

Tatizo ni wakati wa kulea. Kuhe dume na jike hulinda maelfu ya mayai na watoto wao pamoja, bega kwa bega, na wakati huo karibu hawali kabisa. Wataalamu wanaamini wanazaa mara moja tu maishani. Ukipitisha chambo hapo atakiuma, lakini si kwa njaa, ni kwa hasira ya mzazi. Ukimtoa mmoja, aliyebaki hawezi kuzunguka pande zote, na walaji wa watoto wako palepale wanasubiri. Mimi hiyo siiti kuvua.

Kwa hiyo mkiwaona wawili wametulia karibu na ufukwe, na chini yao kuna kundi kama moshi wa vidogo, geuzeni mtumbwi. Tupeni upande wa kilindini. Huko kuhe anayewinda akikigonga chambo, mtajua kwamba ana njaa kweli.