Vita Mezani: Vizibo vya Soda, Mpaka wa Tunduma na Somo la 1914

Kuna mchezo ambao wenzetu wa Ulaya na Marekani wanaucheza miaka nenda rudi, sisi huku tunausikia kwa mbali tu. Ni mchezo wa vita wa mezani. Watu wanapanga meza, wanaweka vilima na miti ya kuigiza, wanaweka sanamu ndogo za askari zenye urefu wa kidole gumba, halafu wanapigana kwa zamu kwa kurusha dadu. Jeshi la Prussia lilikuwa likifundishia maofisa kwa mchezo wa aina hii tangu miaka ya 1820. Mwaka 1913 mwandishi Mwingereza H. G. Wells akatoa kitabu kiitwacho Little Wars, chenye kanuni za kucheza nyumbani na askari wa bandia. Mwaka mmoja tu baadaye vita vya kweli vikaanza.

Aina inayonivutia mimi kama mwalimu mtarajiwa ni ile ya mapigano madogo. Humo sanamu moja ni mtu mmoja, na kila upande una watu kumi hadi ishirini hivi. Wenzetu wanapenda sana kucheza vita vya wenyewe kwa wenyewe: vya Uingereza miaka ya 1640, vya Marekani 1861–1865, vya Hispania 1936–1939. Sababu yake inaeleweka. Katika vita kama hivyo adui ni jirani yako, kwa hiyo kila uamuzi una uzito.

Sasa swali: sisi wa Songwe tucheze vita gani?

Jibu langu ni vita vya 1914–1918. Najua utasema hivyo si vya wenyewe kwa wenyewe, ni vita vya Wajerumani na Waingereza. Kwenye vitabu, ndiyo. Lakini tazama ramani. Tarehe 1 Julai 1890 Uingereza na Ujerumani walisaini mkataba uliogawa nchi kati ya Ziwa Nyasa na Ziwa Tanganyika. Wanyamwanga wakajikuta wako pande zote mbili, na hadi leo ni hivyo: shangazi yuko Tunduma, binamu yuko Nakonde. Vita vilipoanza, watu wa ukoo mmoja wakawa chini ya bendera mbili zinazopigana. Hawakuwa na ugomvi wao wenyewe, waliletewa.

Na vita vilifika kweli. Septemba 1914 Wajerumani walishambulia Abercorn, yaani Mbala ya leo, na mwezi huohuo wakapigana na Waingereza kule Karonga. Julai 1915 waliizingira ngome ya Saisi, iliyolindwa na polisi wa Rhodesia ya Kaskazini pamoja na askari kutoka Kongo ya Wabelgiji. Mei 1916 jeshi la Jenerali Northey lilivuka mpaka kutoka kusini, na kabla mwezi haujaisha lilikuwa limeingia Neu Langenburg, ambayo sisi tunaiita Tukuyu. Novemba 1918 Lettow-Vorbeck akarudi tena upande huu, akashambulia kituo cha Fife ng'ambo ya mpaka, si mbali na Nakonde, akaendelea hadi Kasama. Alisalimisha silaha Abercorn tarehe 25 Novemba 1918, wiki mbili baada ya vita kusimama Ulaya. Alikuwa amebaki na Wajerumani 155 na askari Waafrika 1,168.

Haya mwanafunzi wa kidato cha nne anaweza kuyakariri na akapata alama zake. Kinachopotea ni wapagazi. Barabara za magari hazikuwepo, na ng'ombe na punda walikufa kwa ndorobo. Kila kitu kilibebwa na binadamu kichwani, na waliobeba walichukuliwa pande zote mbili za mpaka. Piga hesabu mwenyewe: mpagazi akibeba kilo 25 za nafaka na akala kilo moja kwa siku, akitembea siku kumi kwenda na kumi kurudi ameshakula kilo 20. Anayefikishiwa anapata kilo tano. Ndiyo maana askari wachache walihitaji wapagazi maelfu. Kwa upande wa Waingereza peke yake inakadiriwa walikufa wapagazi zaidi ya 90,000 katika vita vyote vya Afrika Mashariki, wengi kwa maradhi na njaa.

Hapo ndipo mchezo unaposaidia kuliko ubao. Huhitaji kununua sanamu za Ulaya, bumu lenyewe halitoshi. Chukua vizibo vya soda kama tunavyofanya kwenye drafti: upande mmoja vimefunuka, mwingine vimefunikwa. Wapagazi wawe kokoto. Miti ni vijiti kwenye udongo, vichuguu ni madonge ya udongo, mpaka ni uzi. Chakula ni punje za mahindi. Unahitaji dadu moja tu, ya ludo inatosha.

Wachezaji ni watatu, si wawili. Wa kwanza ana kituo cha Wajerumani, wa pili ana kituo cha Waingereza, wa tatu ni mzee wa kijiji. Kila jeshi lina askari 8 na wapagazi 12, na kila mpagazi anaanza na punje tano. Kijiji kina watu 15 na punje 120. Mchezo una mizunguko minane. Askari anatembea shubiri mbili, mwenye mzigo shubiri moja. Askari anapiga risasi hadi shubiri nne: dadu ikitoa 5 au 6 amelenga, ila adui akiwa nyuma ya kichuguu ni 6 peke yake. Mwisho wa kila mzunguko kila mtu anakula punje moja. Aliyekosa anarushiwa dadu: askari anaondoka kwa 1, mpagazi na mwanakijiji wanaondoka kwa 1, 2 au 3. Askari wakifika kijijini wanaweza kuchukua punje, na wanaweza kuchukua watu wawafanye wapagazi. Kila mzunguko mzee anachagua jambo moja: kutoa, kuficha punje kumi porini, au kuhamisha watu watano ng'ambo ya uzi, kila mmoja na punje mbili tu mkononi.

Sasa angalia hesabu iliyojificha humo. Kila jeshi lina watu 20 na punje 60, kwa hiyo mzunguko wa tatu ukiisha chakula kimekwisha. Kijiji kinahitaji punje 15 kwa mizunguko minane, yaani 120, kinatosha kabisa endapo hakuna atakayekigusa. Mezani pote kuna punje 240, mahitaji ni 440. Hakuna ufundi wa kivita utakaoziba pengo hilo. Lazima mtu alale njaa, na kanuni zinaonyesha ataanza nani.

Tumeucheza na wenzangu wa hosteli. Wenye majeshi walianza kwa kelele na mbwembwe, lakini kufika mzunguko wa nne kila mtu alikuwa anamwangalia mzee wa kijiji. Jamaa aliyecheza mzee akauliza, "Sasa mimi vita hivi vinanihusu nini?" Mwalimu akishapata swali hilo kutoka kwa mwanafunzi, kipindi kimeshafanikiwa.

Wapo watakaosema tunafanyia mchezo vifo vya babu zetu. Hoja hiyo naiheshimu, na ndiyo maana hapa hatuhesabu mshindi kwa maiti. Mwisho wa mzunguko wa nane tunahesabu waliobaki hai kijijini, halafu darasa zima linaeleza waliokosekana walikwenda wapi. Wengine watauliza habari ya darasa lenye wanafunzi 80. Wagawe makundi, kila "mchezaji" awe kundi linalojadiliana kabla ya kurusha dadu. Vipindi viwili vya mfululizo vinatosha.

Dar es Salaam askari wana sanamu yao tangu 1927. Wapagazi wana jina la Kariakoo, lililotokana na jina la Kiingereza la kikosi chao, na wengi tunalitaja kila siku kwenye daladala bila kujua. Kwa hiyo wewe unayekwenda BTP Tunduma, Vwawa au Mbozi, baada ya mchezo wape wanafunzi kazi ya nyumbani: wamuulize bibi au babu kama kuna mtu wa ukoo aliyechukuliwa kubeba mizigo, na kama kuna ndugu waliovuka mpaka wakati huo. Majibu yaandikwe kwenye daftari, na daftari libaki shuleni.